Sinyali ikikatika, servo inafanya nini?

Ilikuwa siku ya posho, mangaribi. Mu lupango nyuma ya biro ya sendika yetu, hapa Likasi, watoto wa wafanyakazi walikuwa wanajaribu skupu yao ndogo: mashini ya bati, urefu wake mkono mmoja, imekatwa katika bidoni ya mafuta, inajikunja katikati sawa na skupu ya kweli, na ndoo yake mbele. Uzito kilo 4 na kidogo. Motere waliitosha mu perseze ya batri iliyokufa. Servo 2 na telekomande vililetwa na mjomba wa mmoja wao kutoka Ndola.

Sisi wakubwa tulikuwa mu kivuli tunahesabu michango ya mwezi. Mara tukasikia kelele: « Inakimbia! Inakimbia yenyewe! » Pile za telekomande zilikuwa zimekwisha. Mtoto alibonyeza kila kitu, lakini skupu haikusikia tena. Ilipita mlango wa lupango, ikaingia barabarani, ikaenda moja kwa moja kwa mama anayekaangaka mikate pale ku kona. Mbabula inawaka, sufuria ya mafuta ya moto juu yake, mwana wake mdogo ameketi pembeni. Skupu ikaanguka mu mufereji hatua 2 mbele ya mbabula, magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani mpaka mmoja wetu alipong'oa batri.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu: « Ba papa, munabafundisha batoto namna ya kuitembeza. Na kuisimamisha, munabafundisha? »

Tulikosa jibu. Na haya ilitushika, juu ya sisi njo wale wenye kuzunguka ku mine kila mwezi na kusema habari ya usalama.

Basi tuliifungua ile skupu juu ya meza ya biro, tukaweka karatasi za michango pembeni, na tulifanya nayo kazi siku ya posho 3. Yale tuliyoyaona tunayaandika hapa, kwanza kwa wazazi wenye watoto wanaocheza na vitu hivi, kisha kwa wale wanaovaa sanduku ya redio tumboni mu kazi. Mutaona juu ya nini tunawaweka pamoja.

Servo ni nini? Jina ni la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Mfaransa mmoja, Joseph Farcot, njo aliandika kitabu juu ya « servo-moteur » mu mwaka 1873, wakati wa meli za mvuke: nahodha anageuza gurudumu kidogo, na mashini inageuza usukani mzito nyuma ya meli kwa kufuata mkono wake. « Moteur asservi », alisema, motere iliyofanywa mtumwa. Ile ndogo ya watoto wetu, ya gramu 9, inafanya hivyo hivyo. Ndani yake muko motere ndogo, meno ya kupunguza mwendo, potensiometre inayopima mkono umefika wapi, na kipande cha elektroniki kinacholinganisha: mkono uko hapa, bwana anataka pale, basi zungusha mpaka vilingane.

Inatoka na nyaya 3. Nyeusi au ya kahawia ni moins, nyekundu ya katikati ni plus, nyeupe au ya manjano ni ya sinyali. Mara 50 kila sekunde reseptere inapiga mpigo mmoja wa umeme ku waya ya sinyali. Mpigo ukidumu milisekunde 1,5, mkono unaenda katikati. Ukifupika kuelekea 1, unaenda upande mmoja. Ukirefuka kuelekea 2, unaenda upande mwingine. Wazee walioshuka na kaji wataelewa mara moja: servo iko sawa na mtu wa mashini ya kaji aliye juu. Haoni chini. Anasikia kengele tu, na anafanya kile kengele inachosema. Kengele ikisema uongo, atafanya uongo na nguvu zake zote.

Tuanze na umeme, juu ya pale njo vitu vinaunguaka. Servo nyingi za kawaida zinataka volti 4,8 mpaka 6. Batri ya litiamu ya seli 2 inatoa 7,4, na ikijaa kabisa 8,4. Ukiifunga moja kwa moja ku servo ya namna hiyo, utasikia harufu. Inapita kwanza mu variatere, ile inayoendesha motere kubwa. Nyingi zinatoa volti 5 au 6 kwa reseptere na servo. Na hizi batri, ba mama, hazichajiwi juu ya kitanda, wala usiku watu wakilala. Seli moja haipite volti 4,2, wala haishuke chini ya 3. Ikivimba, usiichaje tena. Tunasema tu kupita njia: nyingi kati ya batri hizi zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo huu tunaochimba. Inaondoka kwa lori, inarudi mu mfuko wa plastiki kutoka Ndola, na beyi yake mumeiona.

Sasa marekebisho yenyewe. Watoto walikuwa wamefanya yote, lakini kinyumenyume. Waliwasha, wakaona skupu inavuta kushoto, wakasukuma kile kitufe cha TRIM kuume mpaka mwisho. Ikaenda sawa. Wakafurahi. Binti mmoja, yeye njo mwenye mkono mzuri kuliko wote, alituambia: « Mais papa, ilikuwa inatembea muzuri! » Ndiyo, ilitembea. Lakini tulipogusa servo, ilikuwa na moto. Kuume skupu ilikata kona kidogo tu, na kushoto bati lilikuwa linagongana na bati, servo inasukuma bure na kulia zzzz. Ile sauti, mtoto wako akikuonyesha motoka yake, isikilize. Servo inayolia wakati haina kazi ya kufanya inakula umeme na inajiunguza, au meno yake ya plastiki yatakatika.

Mgonjwa hakuwa TRIM. Mgonjwa alikuwa palonie, ule mkono mdogo wa plastiki unaovuta waya. Waliufunga servo ikiwa imezimwa, kwa macho, jino moja nje ya fasi yake. Ku servo nyingi za kawaida muko meno 25, maana yake jino moja ni digrii 14,4. Si kidogo. TRIM ilificha digrii 14 kwa kula safari ya upande mmoja.

Njia yake ni hii. Weka mashini juu ya tofali, magurudumu hewani. Chomoa motere kubwa. Washa telekomande kwanza, kisha mashini. Wakati wa kuzima, mashini kwanza, telekomande mwisho, ili mashini isibaki macho hata sekunde moja bila bwana. Rudisha TRIM zote ku zero. Tosha visi, ng'oa palonie. Servo peke yake itaenda katikati, hauna haja ya kuigeuza na mkono, na usiigeuze, juu ya meno ya ndani hayapendi. Ndipo urudishe palonie ili ifanye pembe ya digrii 90 na waya inayovuta. Kama haikai sawasawa na una palonie ya mikono 4, jaribu mkono mwingine: 25 haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo kila mkono unaangukia robo ya jino tofauti, digrii 3 na nusu hivi. Mmoja wa vijana aligundua hiyo peke yake kwa kuhesabu mu kichwa, na sisi tuliomaliza sekondari tukamwangalia tu.

Kisha ndiyo unarefusha au kufupisha waya mpaka skupu isimame sawa. Kile kidogo kinachobaki, upana wa ukucha, njo kazi ya TRIM, au ya sub-trim kama telekomande iko nayo. Chuma kwanza, elektroniki kisha. Mafundi wetu wa garaji wanalijua hili tangu zamani, lakini skrini inawadanganya watu.

Mwelekeo ni rahisi: unageuza kuume, inaenda kushoto, unasukuma REV, imekwisha. Safari ya mkono inaomba subira zaidi. Inaandikwa EPA ku telekomande nyingi. Unapeleka mkono pole pole mpaka mwisho wa upande mmoja, unaangalia bati, na unapunguza namba mpaka servo inyamaze kabla bati halijagusana. Kisha upande mwingine, peke yake, juu ya pande 2 hazifananake. Ku ndoo ya skupu ilibidi pia tubadili tundu la palonie. Servo yao ndogo inavuta karibu kilo 1,8 kwa sentimita 1 kutoka katikati. Kwa sentimita 2 inabaki 0,9. Walikuwa wameifunga ku tundu la nje ili ndoo ipande juu sana, na ndoo yenye mawe haikupanda hata kidogo. Tuliisogeza ndani, sasa inapanda kidogo, lakini inapanda na mzigo. D/R na EXP tuliziacha. Zinalainisha mkono tu, na mtoto anayejifunza hazimsaidii kuona kosa lake.

Inabaki lile swali la mama.

Juu ya nini skupu ilikimbia wakati telekomande ilikuwa imekufa? Tulifikiri kwanza servo ndiyo iliharibika. Hapana. Reseptere njo ilifanya kazi yake vizuri kabisa, kama ilivyofundishwa. Telekomande za siku hizi, zile za gigahertz 2,4, zinafungwa na reseptere yao mara ya kwanza, kama ndoa, ili isisikie telekomande ya mwingine. Na ku reseptere nyingi, wakati ule ule wa ndoa njo inaandika mu kichwa: nikikosa sinyali, nitafanya hivi. Inaandika kile vidole vinachoshika pale pale. Ku zingine kuna ukurasa wake, F/S. Siku ya kufunga, kidole cha mtoto kilikuwa kimeegemea kidogo ku gazi. Kidogo tu. Basi reseptere iliandika: sinyali ikikatika, tembea.

Na ilingoja wiki 5. Mu wiki hizo zote skupu ilitembea muzuri, kama alivyosema binti, kwa sababu telekomande haikuwahi kuzimika njiani. Kosa lilikuwa ndani tangu siku ya kwanza, linangoja pile ziishe.

Tulifunga upya, vidole mbali, gazi ku zero, usukani katikati. Kisha magurudumu hewani, gazi kidogo, na mtoto akazima telekomande kwa makusudi. Magurudumu yakasimama. Tukarudia mara 3. Ku reseptere zingine rahisi haiwezekani kuchagua: sinyali ikikatika zinashika tu amri ya mwisho. Reseptere ya namna hiyo isiwekwe mu kitu cha kilo 4 chenye kutembea karibu na watu. Mu kashua ya kuchezea ndani ya beseni, sawa.

Pale mezani mmoja wetu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Alifanya kazi ya skupu miaka 14, mu mine moja ya chini ambayo jina lake tunaliacha. Watoto walipozima telekomande mara ya tatu, alisema: « Hii jaribio, mimi hawakunifanyia hata siku moja. »

Wengi wa wasomaji wetu wanajua kazi yake, lakini tueleze kwa familia. Kuna fasi chini ambako mwamba wa juu haujashikwa na bulon, na mtu haruhusiwi kuingia. Mawe yanabaki mle ndani. Operatere anashuka ku skupu, anavaa sanduku ya redio tumboni, anasimama mbali pembeni, na anaituma mashini iingie peke yake. Skupu ya kweli haina servo ya plastiki. Sinyali inafika ku reseptere, reseptere inafungua vali kwa umeme, vali inapitisha mafuta ya idroliki, na mafuta njo yanasukuma silinda. Lakini akili ni ile ile. Kuna katikati, kuna mwisho wa safari, na kuna kile mashini inachofanya ikikosa sinyali: mashini ya namna hiyo inatakiwa kufunga breki na kuzima motere, yenyewe.

Skupu yake ilianza kuvuta kushoto wakati vidole haviko ku manete. Aliandika mu kaye ya ekipe. Fundi alikuja, akafungua sanduku ya redio, akasogeza katikati kwa elektroniki, akafunga. Ikaenda sawa siku 2, ikaanza tena. Aliandika tena. Mara hii shefu alimwambia: « Ishikilie na kidole, uzalishaji unangoja. » Akaishikilia na kidole, ekipe 3. Kumbe vali yenyewe njo haikurudi ku zero, na hakuna aliyeifungua. Jino moja nje ya fasi, na TRIM juu yake.

Ekipe ya nne, mashini ilitoka na ndoo imejaa, akalegeza kidole ili ajipanguse jasho, na skupu ikageuka ikaingia mu ukuta pale pale aliposimama dakika chache mbele. Alikuwa amehama kwa sababu maji yalikuwa yanamdondokea shingoni. Alibonyeza kitufe chekundu, ikasimama baada ya kuvunja taa na kuchuna mwamba. Hakuna aliyeumia. Kwa hiyo hakuna ripoti iliyotoka nje. Mu karatasi waliandika « kosa la operatere », na alikatwa prime ya mwezi ule. Anatuambia maneno haya leo, miaka mingi kisha, na bado mkono wake unashika tumbo pale sanduku ilipokaa.

Sisi hatusemi mashini za redio ni mbaya. Zilikuja ili mtu asiingie chini ya mwamba usioshikwa, na hiyo ni faida ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Tunasema kwamba mashini inayotii redio ina majaribio yake, na ni majaribio ya dakika chache. Mu fasi tambarare, ndoo chini, watu mbali: vidole nje ya manete, je, inakaa tuli? Kitufe chekundu, je, breki inashika? Zima sanduku, je, inasimama? Kama jibu ni hapana, mashini haishuki, na operatere anaandika mu kaye kwa maneno yake mwenyewe, si « inavuta kidogo » bali « inageuka kushoto vidole vikiwa nje ». Na delege apate kopi. Neno lililo mu kaye ya kampuni peke yake linapoteaka.

Mwaka uliopita tulipeleka ombi hilo mbele ya komite ya usalama na usafi ya kampuni moja ya huku kwetu. Walikubali kuongeza mstari mmoja ku karatasi ya kuanza ekipe: « jaribio la kukatika kwa sinyali », na kisanduku cha kutia alama. Tulishukuru. Lakini dakika za kulifanya hawakuzitoa. Saa ya kuanza kupakia ilibaki ile ile. Operatere wanatuambia alama inatiwa mu gari linaloshuka, kalamu inarukaruka, mashini bado iko mbali. Tumeomba dakika 10. Wamejibu watafikiri. Mukutano mwingine na komite uko mwezi ujao, na tunawaomba wale wote wanaovaa sanduku watuletee mbele ya siku hiyo tarehe za mara ambazo mashini ilitembea bila kuitwa. Jina halitaandikwa kama mtu hataki.

Skupu ndogo imerudi mu lupango. Watoto wamepaka rangi ya manjano, na binti njo anaitembeza mara nyingi. Siku ya posho iliyopita mama wa mikate alivuka barabara, mwana wake mgongoni, akasimama ku mlango. « Izime nione, » alisema. Binti akaweka gazi, skupu ikaenda hatua 3, akazima telekomande. Ikasimama. « Tena. » Akafanya tena. Mama akaangalia magurudumu muda kidogo, kisha akarudi ku mbabula yake.

Lupango iko wazi kila siku ya posho kuanzia saa nane. Tuko na turnevisi 3 tu na palonie zimekwisha. Mwenye servo iliyokufa asiitupe, meno yake yanatufaa.